Mpira wa Mwisho Uwe Mwepesi

Glovu haianikwi juani. Naanza na hilo kwa sababu jana, baada ya mazoezi, nimeziona jozi tatu zimetandazwa juu ya boneti ya gari pale uwanjani kwetu Mabela, jua linapiga, utadhani ni papa wa kukaushwa. Sikusema kitu kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kugomba. Leo ninayo. Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe wiki ya kwanza niliyohamia Maskati. Nilikuwa nimezoea Uholanzi, nchi ambayo ukitundika kitu nje leo, kesho utakikuta kimelowa zaidi. Hapa nikazitundika glovu zangu kwenye kamba juu ya paa, nikaenda kusali Adhuhuri, na niliporudi zilikuwa zimekakamaa kama mkate wa juzi. Ule mpira laini wa viganjani ulipasuka nilipokunja vidole tu. Glovu huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, ukazibonyeza bila kuzinyonga, ukazitundika kivulini penye upepo. Na kabla ya mechi unazilowesha kidogo, maana glovu kavu haishiki kitu. Kama mnaona haya kutema mate viganjani mbele ya watu, basi chukueni chupa ya maji.

Haitham, kipa namba moja kati yenu ninaowafundisha hapa mtaani kwa kujitolea, ananisumbua tangu mwaka jana niyaandike mambo haya. Anasema nikiyasimulia uwanjani naanza na kona namalizia na mama yangu. Atanisamehe, kwenye karatasi nitakuwa vile vile. Nimestaafu, sina kocha wa kunipangia.

Wengi wenu mnaniita Ami Seif na mnachojua ni kwamba niliwahi kudaka Ulaya. Nilizaliwa Unguja, nikaondoka nikiwa bado wa kubebwa. Baba alikuwa mpishi wa meli; aliteremka Rotterdam akapata kazi bandarini, na mama akamfuata na mimi kiunoni. Ndugu zake mama wote walikuja huku Maskati. Kwa hiyo Kiswahili changu nimekipata kwa mtu mmoja, jikoni, huku nje theluji inaanguka, na ndiyo sababu jirani yangu Khalfan husema nazungumza kama bibi kizee wa Mkunazini, Unguja.

Niliidakia klabu moja kubwa kwa miaka mingi. Tulichukua ubingwa wa ligi, tulichukua kombe, na jezi ya rangi ya chungwa ya timu ya taifa nimeivaa pia, ingawa mara nyingi niliivaa nikiwa nimekaa benchi. Watu walinijua madukani. Muuza samaki wetu alikuwa na mchezo wa kunirushia samaki aone kama nitamdaka. Tukishafungwa, alinipa mkononi, kwa adabu, kama anayempa mgonjwa. Hapo ndipo nilipojua mji mzima umekasirika.

Sasa niwaambie lile ambalo makocha hawalisemi. Hii kazi ni ya upweke. Wenzako wakifunga bao kule mbele wanalundikana mmoja juu ya mwenzake, na wewe uko huku nyuma unaruka peke yako kama aliyekanyaga moto, halafu unakwenda kuupiga mwamba kofi kwa sababu hakuna mwingine wa kumpiga. Wao wakikosea, kosa hupotea katikati ya watu. Wewe ukikosea, uwanja mzima unageuza shingo kukutazama. Mara nyingine nilirudi nyumbani tumeshinda, na bado nikajihisi mgeni kwenye harusi ya watu. Atakayewaambia kwamba hali hii huisha ukizoea, anawadanganya.

Ndiyo maana nawalazimisha mpige kelele. Kipa bubu ni mpweke mara mbili, na mabeki wake wanapotea. Mama yangu alikuja kunitazama mara moja tu maisha yake yote. Mechi ilipokwisha, badala ya kunipongeza kwa ushindi, aliniuliza wale vijana wenzangu wamenikosea nini hata nikawagombeza vile tangu mwanzo hadi mwisho. Nikamweleza kwamba ndiyo kazi. Hakuridhika. Alitaka niwaombe radhi.

Dawa ya upweke huo, kama ipo, ni kipa mwenzako. Nilipoingia klabu, namba moja alikuwa mtu anaitwa Joop, tamkeni Yoop, mtoto wa muuza nyama, mwenye viganja vipana na maneno machache. Goti lake likaharibika, mimi nikawekwa langoni kwa muda, na muda ule haukwisha. Joop akawa kipa wa akiba. Watu wa nje hawajui kipa wa akiba anafanya nini. Wanafikiri kazi yake ni kukaa na blanketi mapajani. Kumbe yeye ndiye anayempasha mwenzake kabla ya mechi: anampigia mipira, mmoja mmoja, mpaka mikono iamke. Hebu fikirini. Mtu amechukua nafasi yako, na kila wiki wewe ndiye wa kumtayarisha ili aendelee kuikalia. Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa kinyongo, wanakupigia mipira ya kukuvunja vidole. Nimewahi kudaka na watu wa namna hiyo, na kidole hiki kidogo cha kushoto, mnachokicheka kwa kuwa kinatazama upande wake, ni ukumbusho wao.

Joop alianza na mipira ya kifuani, taratibu. Kisha ya chini kulia, ya chini kushoto, ya juu, ya kudunda mbele yako. Akiongeza nguvu kidogo kidogo. Na mwisho kabisa, waamuzi wameshajipanga, alikuwa akisimama, ananitazama, halafu ananirushia kwa mkono mpira mwepesi wa kifuani ambao hata mama angeudaka. Nikiudaka, yeye anageuka anakwenda benchi bila neno. Siku za mwanzo niliona ni utoto. Nikamwuliza kwa nini asimalizie na kombora ili niingie nimechangamka. Akanijibu hivi:

“Unaingia kule peke yako. Ingia na mpira uliodaka.”

Siku ya fainali ya kombe tulikuwa na kocha mpya wa makipa, mtu wa haraka, aliyeamini kwamba mpira wa mwisho uwe mgumu kuliko yote ili mechi yenyewe ionekane rahisi. Akamwambia Joop asogee pembeni, akapiga mwenyewe. Mpira ukapita katikati ya mikono yangu ukaingia wavuni, mbele ya mashabiki wa wapinzani, nao wakashangilia kana kwamba bao limehesabiwa. Nikaingia mchezoni na ile sauti masikioni. Krosi ya kwanza iliyokuja nikaipangua vibaya, ikamwangukia mshambuliaji wao mguuni, bao. Wakati wa mapumziko nilikaa nimeinama, kocha mkuu anachora mishale ubaoni, sisikii hata moja. Joop alikuwa pembeni mwa chumba na chungwa mkononi, anataka kulimenya. Akaacha. Akaniita kwa sauti ndogo, akanirushia lile chungwa. Nikalidaka. Yeye akarudi kutazama ubao.

Kipindi cha pili hawakunifunga. Tukasawazisha, na kwenye penalti nikapangua mbili. Magazeti yaliandika mengi juu ya mikono yangu. Juu ya chungwa hakuna aliyeandika. Nililila kwenye basi wakati wa kurudi, na lilikuwa chachu.

Kwa kuwa nimegusa penalti: chelewa. Kipa anayeruka mapema anamrahisishia mpigaji kazi. Tazama ule mguu anaousimamia, usitazame anaopigia, kwa sababu mguu wa kupigia ni mwongo. Na usijaribu kumtisha kwa kucheza cheza juu ya mstari kama unaumwa na siafu, Haitham, nimekuona.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Beki akibanwa alikurudishia mpira, ukaudaka kwa mikono, ukapumua, ukatazama saa ya uwanjani ukaomba Mungu iende mbio. Siku sheria ilipobadilika, tukaambiwa mpira wa miguu ya mwenzako haushikwi kwa mikono, nilijiona kama mshoni aliyepewa shoka. Nilikuwa mtu mzima na miguu yangu haijui lolote. Joop na goti lake bovu ndiye aliyekuwa akibaki na mimi baada ya mazoezi, tunapigiana pasi ukutani, kulia na kushoto, mpaka nikaacha kuuogopa. Nyinyi mmezaliwa na sheria hii, mnapiga pasi kama viungo wa kati. Nawaonea wivu, ila bado hamjui kutoka langoni kona ikipigwa.

Nilipoacha kudaka nilifundisha makipa, kisha nikastaafu na hilo pia. Mke wangu, Hanneke, alifariki, na hatukujaaliwa watoto. Nikafikiri, Maskati kuna damu yangu. Nikauza kila kitu, nikanunua nyumba Mabela. Lakini wajomba wote walikuwa wametangulia mbele ya haki, na watoto wao ni watu wazuri wenye shughuli zao. Wananialika Idi, naenda, nakula, narudi. Uholanzi nilikuwa Mwarabu, na hapa mimi ni Mholanzi. Khalfan na wazee wenzake hukaa barazani kwake kila siku baada ya Alasiri, wakazungumza juu ya mitaa ya Unguja na watu wa mitaa hiyo, ambao mimi siwajui hata mmoja. Nilikuwa nikiwasalimia na kupita. Miaka ikaenda hivyo. Nilikuwa mpweke kuliko nilivyowahi kuwa langoni, na kiburi hakikuniruhusu kumwambia mtu.

Niliyekuwa naye ni Joop, kwenye simu, kila Jumamosi jioni. Tukiwachambua makipa wa siku hizi na kuwasema vibaya mpaka turidhike. Na kila mara, kabla ya kukata, alikuwa akiniuliza, “Leo umekula nini?” Swali hilo lilikuwa likiniudhi. Watu wazima, tumetoka kuzungumza mambo ya maana, yeye anauliza chakula. Nikawa namdanganya. Nimekula mkate na chai, namwambia biriani. Anauliza biriani la nini. La mbuzi. Anauliza limepikwa na nani. Ule uongo ulikuwa ukinichosha kuliko kupika.

Ijumaa ya wiki iliyopita, asubuhi mapema, simu yake ikaita. Haikuwa siku yake. Nilipopokea nikasikia sauti ya binti yake, Marijke. Joop alikuwa amefariki usingizini. Marijke akalia, nami nikamsubiri. Kisha akanisimulia jambo dogo, kama watu wanavyosimulia vitu vidogo vya marehemu. Kila Jumamosi, akishakata simu, baba yake alikuwa akimwambia, “Leo amekula.” Au akitikisa kichwa akisema, “Leo amenidanganya tena.”

Nilibaki nimekaa ukingoni mwa kitanda na simu mkononi. Miaka yote ile alikuwa bado ananirushia mpira wa mwisho, na mimi nauacha unapita.

Sikujua nimwambie nani. Mtu akifiwa huku kwetu, nyumba hujaa watu. Mimi nimefiwa na Mholanzi, Mkristo, asiye ndugu, ambaye hakuna mtu Mabela nzima aliyewahi kumwona. Nilitamani mtu mmoja tu wa kukaa naye, na niliona haya kumwomba yeyote. Nikavaa viatu nikaja uwanjani, kwa kuwa ilikuwa siku ya mazoezi na sikuwa na pengine pa kwenda.

Mnaikumbuka siku ile, mlidhani nina homa. Haitham alikuwa langoni, mimi nampigia. Tulipofika kwenye mpira wa mwisho niliushika mikononi nikashindwa kuurusha. Nikasimama nao. Aliyenijia ni Otieno. Kwa ambao ni wageni, Otieno ni kipa wetu wa akiba, Mkenya, mlinzi wa skuli iliyo mwisho wa mtaa wangu, mtu anayekuja mazoezini moja kwa moja akitoka zamu. Aliuchukua mpira mikononi mwangu taratibu, akamrushia Haitham, mwepesi, kifuani. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini:

“Kocha, ni nani amekufa?”

Sikuwa nimetamka neno lolote la kifo. Baadaye alinieleza kwamba mamake alisimama vile vile na sufuria mkononi, siku walipoletewa habari ya babake. Nikamwambia yote, nikamwomba asimwambie mtu. Akakubali. Mchana huo huo akaenda barazani kwa Khalfan akamwambia kila kitu.

Baada ya Alasiri kengele ya mlango ikalia. Khalfan alikuwa amesimama na thermosi ya kahawa mkono mmoja na sahani ya tende mkono wa pili, na nyuma yake wazee wa baraza nzima.

“Nnaambiwa umefiwa na umejifungia ndani,” akasema. “Ndo mambo gani hayo, Seif?”

Nikamwambia si ndugu yangu. Wala si Muislamu. Ni mtu wa mpira tu.

“Hatukuja kumsomea khitma. Tumekuja kukaa na wewe. Fungua sebule.”

Wakavua viatu wakaingia. Nina viti viwili tu, kwa hiyo walikaa chini, migongo ukutani. Mke wa Khalfan, Bi Zuwena, alileta sinia la wali kwa mikono ya wajukuu zake. Wazee wakaniuliza kama wanavyouliza kwa maiti yeyote wa kwetu: aliugua muda gani, ameacha watoto wangapi, anazikwa lini. Nilipowaambia atazikwa wiki ijayo, mzee mmoja aliweka kikombe chini, hakuamini kwamba maiti anaweza kusubirishwa hivyo. Kisha Khalfan akauliza lile nililokuwa naliogopa.

“Alikuwa nani wako hasa?”

Nikatafuta neno. Rafiki halikutosha, na ndugu halikuwa kweli. Nikasema alikuwa akinirushia mpira kabla ya mechi. Nilipojisikia nikaona aibu, maana lilitoka dogo mno, mtu mzima kulilia kitu kama hicho. Otieno alikuwa amekaa karibu na mlango ndani ya sare zake za ulinzi, anasubiri saa ya zamu.

“Hiyo ndiyo kazi yangu, wazee,” akasema. “Mimi ndiye humrushia Haitham. Mtu haingii goli hivi hivi tu.”

Khalfan akamtazama Otieno, akanitazama mimi. “Basi huyo ni mtu wako,” akasema, akanimiminia kahawa.

Walikuja siku zote tatu. Niliwasimulia habari ya chungwa mpaka wakaijua kwa moyo. Mzee yule wa kikombe, ambaye hajatazama mechi mpaka mwisho tangu azaliwe, sasa anaihadithia kila anapokaa, na kwake limeshakuwa embe. Siku ya tatu, wengine wamekwisha kuondoka, Khalfan alibaki mlangoni anatafuta kiatu chake kwa mguu. Bila ya kunitazama akauliza:

“Kesho utakula nini?”

Biriani lilikuwa tayari ulimini. Nikalimeza.

“Sijui,” nikasema. “Sina kitu ndani.”

“Basi utakula kwetu,” akasema, akapata kiatu chake, akaenda zake.

Msidhani mambo yamegeuka. Nakula kwao, nakaa barazani, na mitaa ya Unguja bado siijui. Nikirudi nyumbani na kufunga mlango, ni ile ile. Mtu aliyejua nilivyokuwa nikidaka, aliyejua siku nilizoogopa na siku nilizobahatisha, hayupo tena, na wengine wote itabidi niwaeleze. Hilo linauma na sitalipamba. Ila nawaomba nyinyi makipa, mnaogombea lango moja, msipigiane mipira ya kuumizana. Na wewe Otieno, unayeniuliza kila mwezi kama utacheza lini, sijui utacheza lini. Joop pia hakucheza tena. Lakini nilikuona siku ile ulivyouchukua mpira mikononi mwangu, na hakuna kitu nilichokifundisha katika maisha yangu kilichotendwa vizuri kama kile.

Leo ni Jumamosi. Ile ya kwanza nyumba ilijaa watu, sikupata nafasi ya kuikumbuka saa. Leo jioni saa ile imefika, nikaiweka simu mezani ingawa najua haitaita. Nilikuwa nimeshiba, nilitaka kumwambia mtu, na sikuwa na wa kumwambia. Ndiyo nikachukua kalamu, Haitham, usije ukajisifu kwamba umenilazimisha wewe.

Basi liwekeni na hili pamoja na ya glovu na penalti. Leo nimekula wali wa nazi na nguru wa kupaka, kaletwa asubuhi kutoka kwa wavuvi wa Sidab. Amepika Bi Zuwena. Kulikuwa na achari ya ndimu pembeni. Safari hii ni kweli.